Pazia la Saa Tisa

Zilikuwa zimebaki dakika chache tu saa tisa alasiri ifike, na harusi haikuwa na bwana harusi.

"Yuko wapi huyu mtu?" Sikitu alimuuliza dijei wake, Kipara, huku kaziba maiki kwa kiganja. "Mjomba hangoji mtu. Akija anakuja, bwana harusi awe kavaa suruali au hajavaa."

"Nimempigia. Kasema yuko njiani."

"Watu wa njiani nawajua mimi. Nusu yao wako bafuni."

Sikia, kwa wakati huo Singida harusi haifungwi asubuhi wala usiku. Inafungwa saa tisa, basi. Na mshereheshaji wa saa tisa aliyekuwa anagombewa mkoa mzima ni huyo huyo Sikitu Mughanga, binti wa miaka ishirini na sita, sauti ya kuamsha mtaa, gauni la kijani lililoshonewa nyuzi za taa. Giza likiingia tu, gauni linawaka lenyewe.

Mara bwana harusi huyo! Yuko juu ya pikipiki isiyo na dereva, kaikumbatia kwa mikono miwili, tai imemrukia mgongoni. Vigelegele. Sikitu akamsukuma mpaka kwenye kiti chake, akaruka jukwaani, akanyoosha kidole juu.

"Jamani, nani huyoooo?"

"Mjombaaaa!"

Akaja kama anavyokuja kila siku. Ukingo wa kivuli ulipanda milima ya mawe, ukavuka ziwa, ukameza mashamba ya vitunguu, ukaja mbio juu ya mabati kama mtu anayetandika shuka. Jua likabaki kijisahani chekundu nyuma ya pazia. Giza la bluu. Kibaridi kikashuka kwenye mabega. Kuku wakaanza kurudi bandani kwa foleni, maana kuku wa Singida wanadanganyika kila siku na hawajifunzi. Na ng'ambo ya mahema, shamba zima la alizeti likainamisha vichwa kwa mpigo mmoja, kama darasa lililoambiwa lisali.

Gauni la Sikitu likawaka. Kipara akaachia ngoma.

"Wazee walisaini!" Sikitu akapaza sauti.

"Sisi tunachezaaaa!" watu wakamalizia, na vumbi likatimka.

Huo ulikuwa msemo wake, na hakuna harusi ambamo haukuchekesha. Ila siku hiyo kuna kijana akadakia kutoka viti vya nyuma: "Na Jumamosi tunajitoa!"

Nusu ya watu wakashangilia. Nusu nyingine wakaangalia sahani zao.

Sikitu alicheka kwenye maiki, akamkonyeza Kipara aongeze ngoma. Jumamosi watu wote wanaoishi chini ya Pazia, hilo linaloleta kivuli wanachokiita Mjomba, walikuwa wanapiga kura: nchi ibaki kwenye mkataba wa Pazia waliousaini wakubwa wa zamani, au ijitoe. Kila upande umechagua mtu mmoja wa kuusemea uwanjani. Upande wa kujitoa ulikuwa umemchagua yeye.

*

Alikwenda nyuma ya mahema kuuliza pilau limefikia wapi, akamkuta Mama Kidee, mpishi mkuu, kashika kiuno anacheka. Nyuma ya sufuria kubwa alisimama mwanaume mrefu, mgeni kabisa, kafungwa khanga kiunoni, anakoroga kwa mwiko, jasho linamtoka mpaka kidevuni.

"Huyu nani, mama?"

"Wala simjui, mwanangu. Mjomba alipoingia tu, kaka huyu akaja mbio kama kafukuzwa na nyuki, akajibanza nyuma ya sufuria langu. Nikamwambia, hapa jikoni hatufichi mtu bure. Shika mwiko."

"Samahani sana, dada," yule mgeni akasema. Kiswahili chake kilinyooka kama cha msoma taarifa ya habari. "Niliona giza. Kisha watu wote wakapiga mayowe na kukimbia huku na huku. Nikadhani ni ghasia."

Jiko zima likapasuka. Kuna mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la mchele.

"Ghasia! Kaka, ile ni harusi! Kwani kwenu kivuli kikiingia mnafanyaje?"

"Kwetu hakiingii," akasema. "Kwetu tunapata faida yake tu." Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayetaja jina lake. "Natoka visiwa vya Lomaleva. Naitwa Tavita. Nimetumwa kuzungumza siku ya Jumamosi, kuwaomba mbaki."

Visu vikasimama juu ya vitunguu. Mama Kidee akamgeukia Sikitu, mkono mdomoni, macho yanamcheza.

"Karibu sana," Sikitu akasema. "Mimi ndo utakayebishana naye."

Tavita akauangalia mwiko, akaliangalia gauni linalowaka. "Kwa hiyo nitakula pilau lenu, kisha niwapinge. Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa," Mama Kidee akajibu. "Ila ukiliunguza, kura zako zote zimeenda na moshi. Koroga!"

*

Kesho yake asubuhi Tavita akabisha hodi kwa kina Sikitu. Aliomba mwenyewe: nataka kuona mnachopoteza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndo wewe wa mwiko?" Mzee Mughanga alishapata habari, mji mzima ulishapata. "Karibu ukae. Si hapo, hapo pana mafuta. Hapo napo pana mafuta. Basi simama tu, baba."

Mashine ya kukamua alizeti ilikuwa inajaza banda zima. Gurudumu lake lilimzidi Sikitu urefu. Mzee alimimina debe la mbegu juu, akawasha, banda likatetemeka, na chini kwenye bomba yakatoka mafuta. Membamba! Yaani yalikuwa yanajishuku yenyewe kama yaendelee kutoka au yarudi.

"Umeona? Kamba ya kiatu ni nene kuliko hayo," Mzee akasema. "Alizeti ni mtoto wa jua. Ua lake linakwenda nalo tangu asubuhi. Sasa kuna miezi miwili, Machi na Aprili, ua likishafunguka, ndipo punje inapojaza mafuta. Hapo inataka mchana wote, mpaka jua lizame. Anakuja Mjomba saa tisa. Ua linainama, linajua siku imekwisha. Mjomba anaondoka saa kumi, jua linarudi, unadhani ua linanyanyuka? Halinyanyuki! Limeshasusa. Punje inabaki ganda na hewa."

"Miezi mingine?"

"Miezi mingine Mjomba akae atakavyo, alizeti ama bado changa ama haipo shambani." Akaizima mashine, akaipigapiga ubavuni kama ng'ombe. "Jumamosi tukishindwa, hii inakwenda kuwa chuma chakavu. Wanunuzi wameshakuja kuiangalia. Mimi nitahamia kwa ndugu yangu Manyoni, nikakae kwenye kiti nisubiri chai."

Alisema kwa utani. Sikitu hakucheka. Alikulia kwenye banda hili, alijifunza kupaza sauti humu humu, kwa sababu mashine ikiwaka usipopaza sauti hakuna anayekusikia. Baba bila mashine hakuwahi kumuona.

"Niulize kitu," Mzee akamwambia mgeni. "Hili Pazia lenyewe ni nini? Kila mtu ananieleza, hakuna anayenieleza nikaelewa."

Tavita akaokota ganda la kitunguu chini ya meza, akalinyanyua mlangoni jua lipite.

"Ni utando, mzee. Mwembamba kuliko hili, lakini ukiutandaza unafunika mkoa. Umetundikwa juu kabisa, hewa inapoishia. Muda mwingi umekunjwa. Saa tisa unakunjuliwa juu ya ukanda huu, kwenye saa yenye joto kuliko zote, mahali pasipo na mawingu mengi. Joto linarudishwa angani. Ni saa moja tu, lakini kila siku, miaka yote. Saa hiyo ndiyo imeisimamisha barafu ya kusini isiyeyuke. Barafu ikisimama, bahari inasimama. Bahari ikisimama, sisi tupo."

"Na kwa nini ikawa kwetu?"

"Kwanza walitaka kulitundika juu ya bahari. Mataifa makubwa yakakataa, wakasema samaki wao watahama. Wakazigeukia nchi kavu. Kila nchi ikapiga kelele."

"Na ya kwetu?"

Tavita akalishusha lile ganda. "Ya kwenu ilisaini, mzee."

Mzee Mughanga akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi. Likapita gari lina spika juu: kuanzia Jumatatu, wananchi msishtuke, kutakuwa na giza. Likapita hivyo hivyo, halikusimama hata kunywa maji. Mbuzi wangu wakatawanyika Jumatatu hiyo, baba akanichapa."

Sikitu hakuwahi kuisikia hiyo. Akashindwa, akacheka, na baba naye akacheka.

Tavita akatoa simu, akawaonyesha video. Uwanja wa mpira wa shule moja ya Lomaleva. Maji yamefika kwenye magoti ya watoto, na watoto wamo ndani wanacheza, mpira unaelea, kipa anaogelea kuufuata, goli limeingia, mashabiki wanarushiana maji.

"Bahari ikijaa sana inafika hapo," akasema. "Pazia likiondoka, wataalamu wanasema kwanza uwanja utabaki majini moja kwa moja. Halafu shule."

"Kipa anaogelea!" Mzee Mughanga akafuta machozi ya kicheko. "Rudisha tena nimwone." Akamwona mara ya pili, mara ya tatu, kicheko kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. "Mimi sina ugomvi na watoto hawa," akasema. "Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyekuja kuniuliza."

Mgeni alipoondoka, Sikitu akabaki anafagia makapi ambayo yalishafagiliwa.

"Utasema nini Jumamosi?" baba akamuuliza.

"Nitasema ulichonituma, baba."

"Sijakutuma. Nimekuomba." Akachukua kofia yake. "Kutumwa kungekuwa rahisi, mwanangu, mzigo ningekuwa nimeubeba mimi."

*

Jumamosi, acha kabisa! Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Wauza karanga wamo, ngoma zimo, na maharusi watatu na mashela yao wamo, maana hawakuona sababu ya kuahirisha.

Kura yenyewe ilikuwa ya kizamani kwa makusudi. Hakuna karatasi, hakuna mashine ya kudukuliwa. Kuna bendera ya bluu, kubaki, na bendera ya kijani, kujitoa. Unasimama nyuma ya bendera yako mchana kweupe, jirani yako anakuona, unahesabiwa. Na serikali iliomba jambo moja: siku hiyo Pazia lisikunjuliwe kabisa, watu waionje siku yao ingekuwaje bila Mjomba. Ilitangazwa redioni, ilitangazwa misikitini na makanisani. Kila mtu alijua.

Tavita alitangulia. Hakulia wala hakutisha. Alionyesha ile video kwenye skrini ya uwanja, watu wakamshangilia kipa kama wanamjua, akashukuru kwa pilau, akakaa.

Kisha Sikitu akapanda. Mamia walishajipanga nyuma ya kijani hata kabla hajafungua mdomo, na wa kwanza kabisa mbele yao ni Mzee Mughanga, kofia kichwani, mikono nyuma.

"Singidaaa! Nani alimuuliza bibi yako?"

"Hakunaaa!"

"Nani alikuja kumuuliza babu yako?"

"Hakunaaa!"

"Saa moja ya jua lako, kila siku ya Mungu, inagawiwa na mtu ambaye hajawahi hata kukanyaga kokoto yako! Hiyo ni sawa?"

"Si sawaaa!"

Alikuwa moto, bwana. Maneno yalikuwa yanamfuata yenyewe, uwanja uko mkononi, anaubana na kuuachia. Akafika kwenye samaki wa mataifa makubwa, watu wakazomea hao samaki mpaka basi. Na katikati ya utamu huo saa ya uwanjani ikagonga tisa.

Mdomo una mazoea yake. Sikitu akanyoosha kidole juu. "Jamani, nani huyoooo?"

"Mjombaaaa!"

Uwanja mzima! Bluu, kijani, wauza karanga, polisi. Videvu juu, mikono juu, wapiga ngoma wamenyanyua vijiti hewani, maharusi wameshika mashela yasipeperuke.

Hakuna kitu.

Jua liko pale pale, linawaangalia.

Kigelegele kimoja kilichokuwa kimeshaanza kikafia njiani. Halafu watu wakajicheka, wakacheka sana, wanagongana mabega: tumetangaziwa wiki nzima, jamani! Lakini kicheko kilipoisha hakuna aliyejua afanye nini. Wapiga ngoma walibaki na vijiti juu. Bibi harusi mmoja akamuuliza mumewe, "Sasa?" na mume akaangalia saa kana kwamba saa ndiyo imekosea. Joto likashuka juu ya vichwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja na mwavuli, maana ni nani Singida anamiliki mwavuli wa saa tisa? Mtoto mdogo juu ya ukuta akauliza kwa sauti iliyosikika hadi jukwaani:

"Mama, Mjomba anaumwa?"

Sikitu akageukia foleni ya kijani amtafute baba yake.

Mzee Mughanga alikuwa amevua kofia. Kaielekeza sura yake kwenye jua, macho kafumba, mdomo wazi kidogo, anatabasamu. Jua la saa tisa lilikuwa halijamgusa tangu akiwa mchunga mbuzi. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta uliobomoka, shamba dogo la alizeti la jirani wa uwanja lilikuwa limesimama wima, nyuso zote zimeelekea jua, hakuna hata moja iliyoinama. Sikitu alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwahi kuliona hilo ua saa kama hiyo limesimama. Wala ule uso wa baba.

Hotuba ilikuwa kwenye simu yake, imebaki nusu, na ile nusu ndiyo yenye sumu. Akaiangalia. Angeisoma, wangeshinda, aliuhisi uwanja, alikuwa anaijua kazi yake. Na yule kipa angebaki anaogelea moja kwa moja. Akiacha, baba anakwenda Manyoni kusubiri chai.

Akaizima simu.

"Jamani," akasema, bila mbwembwe safari hii. "Mwangalieni baba yangu yule pale. Mwangalieni uso wake. Mtu atakayemnyang'anya ule uso tutagombana. Haya, sasa jiangalieni nyie. Mmekuja kumfukuza Mjomba, na mnamlilia!"

Kicheko kikatoka, cha aibu kidogo.

"Niwaulize. Kuna mtu hapa ameshawahi kuposwa?"

Vigelegele kila kona.

"Nani alitangulia kuja kwenu?"

"Mshengaaa!"

"Siku ya kwanza alijibiwa?"

"Hajibiwiii!"

"Alipewa jibu gani sasa?"

"Rudi na wazee wakooo!"

"Enhee! Sasa nionyesheni mshenga wa Pazia. Nani alipiga hodi? Nani alirudi na wazee? Sisi tumeolewa bila kuposwa! Tukakaa, tukazaa, tukamzoea bwana, tukaanza na kumchezea ngoma! Leo mnataka tuchague mawili tu: tunyamaze, au tuvunje nyumba. Mtu wa kwanza kutoka huko kuja kubisha hodi ni kaka huyu hapa, wiki hii, tena kabisha jikoni!"

Uwanja ulivyolipuka, Tavita mwenyewe alicheka huku kajifunika uso.

"Kaka Tavita, simama. Machi na Aprili, Pazia lisiwe hapa. Miezi miwili. Liende kwa wengine kwa zamu, lianze hata na kwenu. Miezi mingine Mjomba aje, tumeshamzoea. Mnaweza?"

Tavita akafikiri, akaishika maiki kama kitu cha moto. "Kwetu tukikaa gizani saa moja, hakuna atakayekufa. Lakini mimi sina mamlaka, dada. Na mataifa makubwa hayatakubali."

"Nani kakuambia una mamlaka? Mshenga ana miguu na mdomo, basi. Na hao wakubwa nao waje wawaposee samaki wao. Sebule yetu ni kubwa."

Msimamizi wa kura, Bwana Hango, mtu mpole wa miwani, akapanda jukwaani anahema. "Binti, tusiharibu kazi. Bendera ni mbili. Kubaki au kujitoa."

"Mheshimiwa, sheria si inasema mtu asimame nyuma ya bendera? Ilisema ziwe ngapi?"

Bwana Hango akavua miwani, akaifuta. "Haikusema," akakiri.

Mama Kidee hakungoja amalizie. Alifungua khanga yake ya juu, nyekundu, akaifunga kwenye mti wa spika, akampa Sikitu. Sikitu akashuka nao, akauchomeka katikati ya uwanja, baina ya bluu na kijani, akasimama nyuma yake.

Peke yake.

Weee! Kusimama mbele ya harusi ni kitu kimoja. Kusimama pale, jua linakuchoma utosini, maelfu wanakuangalia na hakuna anayenyanyua mguu, ni kitu kingine. Mama Kidee akaja nyuma yake. Wakawa wawili. Kipara akaacha mitambo akaja. Watatu. Watu wa kijani walikuwa wanamwangalia Mzee Mughanga, na Mzee Mughanga alikuwa amefumbua macho.

"Machi na Aprili?" akauliza kutoka pale alipo, kwa ile sauti ya kwenye banda la mashine.

"Machi na Aprili, baba."

"Jua zima? Mpaka lizame?"

"Mpaka lizame."

"Na wasipokuja?"

Hapo hata wauza karanga waligeuka kumwangalia Sikitu. Sikitu akaushika ule mti wa bendera. "Tunawapa mpaka mbegu za msimu ujao ziingie ardhini. Wasipokuja, bendera ya kijani naibeba mimi mwenyewe, na wewe utanikuta mbele yako."

Mzee akaangalia chini, akaangalia lile shamba ng'ambo ya ukuta, akaliangalia kwa muda mrefu kama mtu anayeaga na hataki kuaga.

"Mashine haijafa," akasema mwishowe. "Msimu mmoja itangoja." Na akatoka kwenye foleni ya kijani akaja kwa hatua zake za taratibu, akasimama nyuma ya Kipara.

Basi tena! Foleni ya kijani ikageuka kama nyoka ikamfuata. Ya bluu nayo ikaanza kumeguka, maharusi wakanyanyua magauni wakakimbia kuwahi nafasi, polisi wakaulizana kama na wao wanaruhusiwa. Mkia wa foleni ukafika getini, ukatoka nje.

"Sasa mimi niandike nini?" Bwana Hango akauliza, kalamu hewani.

"Andika waje kuposa," Mama Kidee akamjibu.

Mzee Mughanga alimwendea Tavita. "Mshenga."

"Naam, mzee."

"Umesikia. Piga simu kwenu."

"Huko ni usiku, mzee."

"Habari nzuri haina usiku. Piga."

Tavita akapiga. Kipara, mshenzi yule, akaunganisha simu na spika za uwanja, na simu ikawa inatafsiri yenyewe. Ikaita, ikaita. Sauti ya mwanamke mwenye usingizi ikajaa uwanja mzima.

"Tavita? Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Wanasema tuje."

"Tuje nani?"

"Sisi. Na wazee. Tuje kuwaomba Pazia."

"Kuomba nini, mwanangu? Si tulishapewa, tangu bibi yako yuko hai?"

"Hatukuwaomba wao, mama. Tulipewa, na wao hawakuulizwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuja."

Maelfu ya watu juani wakazielekezea spika masikio. Sikitu akaisogelea ile simu.

"Hakuna hata mmoja?" yule mama akauliza. "Miaka yote hiyo?" Akaguna. "Aibu gani hii." Halafu wakasikia kitanda kinalia, mlango unabamizwa, na sauti ile ile, mbali kidogo, kali: "Amkeni! Amkeni nyote humu ndani, tunasafiri!"

Uwanja ukapasuka. Sikitu alicheka na kulia kwa pamoja, hakujua kipi kilianza. Baba yake alinyoosha mkono akaichukua simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, mimi ndo baba wa nyumba hii. Karibuni sana."

"Asante, baba. Tulete nini?"

"Njaa tu. Kuku wapo."

"Lakini baba," yule mama akasema, anahema, huku nyuma yake watu wanaamka na kuulizana, "sisi huku tuko wengi sana."

Mzee Mughanga akanyanyua macho, akaifuata ile foleni kwa macho mpaka getini, mpaka ilipopotea barabarani.

"Hata sisi, mama," akasema. "Hata sisi tuko wengi."